Mayai machache si kinga: kwa anayeanza kazi ya minyoo ya kondoo

Mdogo wangu, najua umekuja na daftari lililojaa majina ya seli. Na mimi nilikuja nalo. Wiki yangu ya pili huko Kajiado, kusini mwa Kenya, mzee mmoja mchungaji alinikuta nimepiga magoti nyuma ya kondoo, glavu mkononi, nahangaika kutoa kinyesi, akaniuliza natafuta nini huko. Nikamwambia minyoo. Akacheka. Akamshika kondoo kichwa, akaikunjua kope ya chini kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, anzia huku." Ndani ya kope palikuwa peupe kama karatasi: damu ilikuwa imemwishia.

Kondoo yule alikufa baada ya siku mbili. Kinyesi chake kilikuwa kimenipa mayai manne tu kwenye hadubini, yaani mayai 200 kwa gramu, na tayari nilikuwa nimeshaandika "maambukizi madogo". Tulipompasua na kulifungua tumbo la nne, lile linalofanya kazi kama tumbo letu sisi, kuta zilikuwa zimevimba, zina vidonda vidogo vya damu kama vichwa vya sindano, na juu yake minyoo imetapakaa, myembamba kama nywele, myekundu. Mingi ilikuwa michanga, haijaanza kutaga.

Huyo mnyoo anaitwa Haemonchus contortus, na katika maeneo yetu yenye joto na mvua ndiye utakayekutana naye kuliko wote. Jike aliyekomaa utamjua kwa macho: utumbo wake mwekundu wa damu umezungukwa na mifuko myeupe ya mayai, mithili ya kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za rangi mbili. Mmoja hunyonya kama mililita 0.05 za damu kwa siku. Haionekani kitu, hadi uzidishe: minyoo 5,000 ni robo lita kila siku, kwa kondoo wa kilo 30 ambaye damu yake yote haizidi sana lita 2. Na huanza kunyonya angali mchanga, ilhali mayai ya kwanza hutokea kwenye kinyesi takriban wiki 3 tangu kondoo ameze lava, yaani mnyoo mchanga aliyeanguliwa kwenye yai, pamoja na majani. Katika wiki hizo mnyama anaweza kufa huku karatasi yako inasema ni mzima.

Ndiyo maana nasema hesabu ya mayai usiiite kinga. Mayai yanakuambia majike yaliyokomaa yanataga kiasi gani leo. Kinga ni jambo lililotokea ukutani mwa tumbo, pengine mwezi uliopita, nawe hukuwepo. Kila utakachopima, mayai, damu au kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na wavamizi), ni nyayo tu. Kazi yako ni kujua nyayo hizo ni za nani.

Nikueleze kidogo kinachotokea ukutani, kwa namna ninayowaelezea wanaonitembelea maabara. Mwanakondoo ambaye hajawahi kukutana na minyoo akimeza lava, lava hao huvua ganda lao tumboni, huingia kwenye vitundu vya tezi vya tumbo la nne, hukua humo, kisha hutoka wakiwa tayari kunyonya. Hakuna anayewazuia. Lakini mwili unajifunza. Seli T wasaidizi wa aina ya pili, seli za kinga zinazoongoza wenzao dhidi ya minyoo, hutoa ishara za kemikali, hasa interlukini 4, 5 na 13. Ile ya 5 huita esinofili, seli nyeupe za damu zinazoshambulia minyoo. Ya 13 huamsha seli zinazotoa ute. Nazo seli mlingoti, zilizojaa kemikali za kumwaga, zikishavikwa kingamwili aina ya IgE, hukaa zikisubiri. Kondoo huyo huyo akiwa na miezi mingi ya malisho mwilini, lava akiingia hukuta ute mzito, kuta zinazojikunyata na kemikali zinazomwagwa papo hapo, na wengi hutolewa nje kabla hawajapata pa kushika. Wanaofaulu kubaki hudumaa. Watafiti wa Glasgow walilionyesha hilo vizuri kwa mnyoo ndugu yake wa nchi za baridi, Teladorsagia circumcincta: kondoo wenye IgA nyingi (kingamwili ya kwenye ute) dhidi ya lava wa hatua ya nne walikuwa na minyoo mifupi, na mnyoo mfupi hutaga mayai machache.

Hapo shika jambo moja. Mayai yakipungua, huenda minyoo ni michache, huenda ni mingi lakini imedumaa, na huenda bado ni michanga kama ya yule kondoo wa Kajiado. Sababu ni tatu, na namba unayoisoma ni ileile. Ukitaka kuzitenganisha, pima na damu (mrija mwembamba, mashine ya kuzungushia, dakika 5, usome asilimia ya seli nyekundu, kondoo mzima hukaa kati ya 27 na 45), na ukiruhusiwa kuchinja baadhi ya wanyama wa jaribio, hesabu minyoo yenyewe na uipime urefu. Kazi ya kuhesabu minyoo kwenye ndoo ya maji ya tumbo inanuka na inachosha shingo. Usiikwepe.

Sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilipima kingamwili za damu za wanakondoo wa wiki 3, nikakuta zimepanda sana. Nilifurahi kupita kiasi. Nikaandaa slaidi nzima kuonyesha kwamba kondoo wetu hujenga kinga mapema mno. Mwalimu wangu alizitazama, akauliza swali moja tu: "Hawa walinyonya dang'a?" Kondoo hapitishi kingamwili kwa mwanawe akiwa tumboni; mtoto huzipata kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, saa za kwanza baada ya kuzaliwa, nazo huisha polepole katika wiki zinazofuata. Nilikuwa nimepima kinga ya mama. Na mbaya zaidi, kingamwili za dang'a kwenye damu hazimsaidii sana mtoto dhidi ya minyoo, kwa sababu vita haviko kwenye damu, viko kwenye ute wa tumbo. Hata kwa mnyama mkubwa, kingamwili nyingi kwenye damu zinaweza kumaanisha tu kwamba amekutana na minyoo mingi.

Mama naye ana mtego wake. Kondoo jike aliyekuwa na kinga imara msimu mzima, akikaribia kuzaa na wiki kadhaa baada ya kuzaa, kinga hulegea na mayai hupanda. Mwili una protini kiasi fulani. Maziwa yanadai, kuta za tumbo zinadai, na maziwa hushinda. Ukimlisha vizuri protini kipindi hicho, mayai hupungua. Niliwahi kuona ripoti iliyolinganisha makundi mawili ya kondoo na kutoa hukumu juu ya mbegu zao, kumbe kundi moja lilikuwa la wanaonyonyesha na lingine la waliokauka. Andika umri, andika tarehe ya kuzaa, andika anayenyonyesha mmoja na anayenyonyesha pacha. Mambo haya yanachosha kuyaandika, lakini yasipokuwepo hakuna hesabu ya kompyuta itakayokuokoa.

Halafu mvua. Mwaka 1929 mtafiti wa minyoo aitwaye Stoll alieleza jambo ambalo hadi leo linawachanganya watu: kondoo mwenye minyoo akimeza lava wengi wapya, anaweza kuwafukuza hata wale wakubwa waliokuwa ndani, kana kwamba mlango umefunguliwa na kufungwa kwa kishindo. Ikaitwa kujiponya. Baadaye, kwenye utafiti wa malishoni Kenya uliochapishwa 1973, ikaonekana kundi zima linaweza kuangusha minyoo kwa pamoja baada ya mvua, hata wanyama ambao hutarajii wawe na kinga, kiasi kwamba majani mabichi yenyewe yakashukiwa. Kwa hiyo ukinywesha dawa Jumatatu, mvua ikanyesha Jumatano, mayai yakashuka wiki inayofuata, usiisifu dawa upesi. Acha kondoo wachache bila dawa, uwaangalie kwa macho kila siku, uwe tayari kuwatibu wakizidiwa. Bila hao huna cha kulinganisha.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii, nikiri, ni kondoo mwekundu wa Kimaasai. Kati ya 1991 na 1996 watafiti waliwafuga Diani, pwani ya Kenya, pamoja na Dorper, wale weupe wenye kichwa cheusi waliotoka Afrika Kusini. Pwani ile ina unyevu ambao lava wanaupenda. Wekundu walitoa mayai machache, damu yao haikushuka kama ya wenzao, na walikufa wachache. Dorper ni mkubwa na bei yake mnadani inavutia, ndiyo sababu wafugaji wengi walimpandisha kwa wekundu hadi wekundu halisi wakawa adimu. Simlaumu mfugaji; ada ya shule hailipwi kwa esinofili. Ila wewe mtafiti ukipewa "kondoo mwekundu" kwa ajili ya jaribio, muulize mwenye zizi baba yake alikuwa nani na babu yake nani, maana rangi inadanganya. Na utenganishe mambo mawili ambayo wageni huyachanganya: ukinzani ni kuizuia minyoo isikae wala kutaga, ustahimilivu ni kuwa nayo na bado kunenepa. Kondoo mstahimilivu anaweza kuwa anakuchafulia malisho yote huku anang'aa.

Wala usidhani kinga nyingi ni heri tupu. Wafugaji wa kondoo wa sufu aina ya merino huko Australia wanajua kondoo wanaoharisha ilhali mayai kwenye kinyesi ni machache: utumbo unawapiga lava kwa hasira kiasi cha kujiumiza. Ukiona kuhara, usikimbilie dawa kabla ya kuhesabu.

Ukija na vifaa vya kupimia kinga ya panya, viache nyumbani. Kingamwili nyingi za dukani, zile zinazotumika kama vifaa vya kupimia, hazishiki protini za kondoo. Baadhi za ng'ombe hushika, lakini jaribu kwanza kwenye sampuli moja kabla ya kununua za mwaka mzima. Kinyesi chukua moja kwa moja kutoka kwenye mnyama, si chini, ukiweke kwenye friji bila kukigandisha, maana kwa joto letu mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja na utahesabu hewa. Gramu 3 kwenye mililita 42 za maji ya chumvi iliyokolea, vyumba viwili vya kioo cha McMaster, kila yai uliloliona zidisha kwa 50. Utakuta kondoo wachache wana mayai mengi kupindukia na wengi wana kidogo. Hujakosea, ndivyo minyoo inavyogawanyika, kwa hiyo wastani wa kawaida utakupotosha, badili hesabu kuwa logi (logariti) kabla ya kulinganisha.

Watu watakuuliza kuhusu chanjo. Ipo moja, Barbervax, iliyoanza kuuzwa Australia 2014 baada ya kazi ndefu ya taasisi ya Moredun ya Scotland pamoja na Waaustralia. Ujanja wake ni huu: inamfundisha kondoo kushambulia protini za utumbo wa mnyoo, mnyoo anakunywa damu yenye kingamwili, na kingamwili zinamharibu kutoka ndani. Lakini protini hizo kondoo hazioni katika maambukizi ya kawaida, kwa hiyo malisho hayamkumbushi, na sindano lazima irudiwe baada ya kila wiki chache. Na bado hutengenezwa kutokana na minyoo iliyotolewa kwenye matumbo ya kondoo, kwa sababu protini zilizotengenezwa maabara hazikutoa kinga hiyo.

Mwisho, mirija yako iandike kwa penseli au kalamu isiyofutika na baridi, namba ya hereni na tarehe, kwenye mrija na si kwenye kifuniko. Kwenye jokofu letu ipo trei ya seramu 40 (maji ya damu yaliyotenganishwa na seli) nilizozikusanya kwa siku tatu za jua kali, wino umefutika kabisa. Sijaweza kuzitupa. Hata leo sijui ni za kondoo gani.