Yasiyowezekana yapo, na mengine nayakuta kazini

Ndugu uliyeuliza kama kuna jambo lisilowezekana kweli, au ni woga wetu tu: naona wengi wamekujibu kwamba hakuna, mradi mtu aamue. Lakini umetaja pia kilichokufanya uulize. Kuna bwana anakuuzia jenereta isiyotumia mafuta wala jua, na kila ukimwuliza inafanyaje kazi anakujibu "hakuna lisilowezekana". Basi hili si swali la kupigia soga, kuna pesa zako ndani yake. Mimi ni fundi wa pampu na umeme hapa Bombo, Uganda, na jibu langu ni kwamba yapo. Nianze na maji, maana ndiyo ninayoyajua zaidi.

Hajati mmoja aliniita nimtazamie kisima. Kilichimbwa kwa mikono, na kutoka juu hadi kwenye maji ni kama mita 15. Alikuwa ameshanunua pampu ya kuweka juu ya ardhi, haikutoa hata tone. Mwenye duka akamwambia ile ni dhaifu, akamuuzia nyingine yenye nguvu mara mbili. Nayo ikawa inanguruma tu. Nikamwambia, "Hajati, hata ukileta ya tatu yenye injini ya lori, maji hayatafika." Akanijibu, "Mwanangu, usimkatie Mungu tamaa."

Sikumkatia Mungu tamaa. Ninaamini kama anavyoamini yeye kwamba Mwenyezi Mungu hashindwi. Lakini pale tulikuwa tunazungumzia bomba na mota, na hivyo vina sheria zake.

Watu hudhani pampu ya juu inavuta maji. Haivuti. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, kisha hewa ya nje inayokandamiza maji kisimani ndiyo inayoyasukuma kupanda, kama soda inavyopanda kwenye mrija. Sasa uzito wa hewa una kiasi chake. Pwani, usawa wa bahari, unaweza kuinua maji karibu mita 10 na si zaidi. Sisi huku Kampala na Bombo tuko juu, kama mita 1,200, hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kikomo chetu ni kama mita 8 na nusu. Ukitoa msuguano wa bomba, mimi sifungi pampu ya juu kama kina cha kufikia maji kinazidi mita 7. Nguvu ya mota haiingii kabisa katika hesabu hii. Pampu bora kuliko zote duniani itaondoa hewa yote bombani, na ukishaondoa yote hakuna nyingine ya kuondoa.

Kwa kuwa maneno hayakumtosha, nilimwonyesha. Jirani palikuwa na jengo la ghorofa lisilokwisha. Nikachukua mpira mgumu wa maji, ule unaoonekana ndani, nikaujaza maji hadi mwisho, nikaziba kabisa ncha ya juu, ncha ya chini nikaiacha ndani ya ndoo iliyojaa maji. Wajukuu wake wakaupandisha kwa kamba kutoka juu. Maji yakapanda pamoja na mpira, yakapanda, kisha mahali fulani yakagoma. Mpira ukaendelea kwenda juu, maji yakabaki palepale, na juu yake pakawa patupu, vipovu vidogo vikipanda na kupasuka. Vijana wakavuta zaidi, maji hayakusogea hata kidole. Hajati aliangalia kwa muda mrefu, akaniambia wateremshe, wasije wakaanguka.

Maji yake aliyapata. Tulishusha pampu ya kuzama hadi ndani ya maji, na hiyo inasukuma kutoka chini badala ya kungoja hewa isukume. Tangi lilijaa siku hiyohiyo. Hata zile pampu za mkono za U2 na U3 zilizoenea vijijini kwetu zimejengwa hivyo: mpini uko juu unakouona, lakini silinda na pistoni ziko chini kabisa, ndani ya maji. Ndiyo maana mama anaweza kutoa maji ya mita 40 kwa mikono yake, wakati mota ya juu imeshindwa mita 15. Kufikisha maji kwenye tangi kuliwezekana tangu mwanzo. Njia ile ndiyo iliyokuwa haiwezekani, na kama Hajati angeendelea kuambiwa aongeze nguvu tu, angenunua pampu hadi auze shamba lote.

Mtu makini atanirukia hapa: mbona mvule una mita 30 na zaidi, na maji yanafika kwenye majani ya juu kabisa? Swali zuri sana, nami lilinisumbua kwa muda. Ndani ya mti maji yapo kwenye mishipa myembamba mno, yameshikana yenyewe kwa yenyewe bila nafasi ya hewa, na jua linapoyakausha kwenye majani, mnyororo mzima unavutwa kutoka juu. Mti kweli unavuta, jambo ambalo pampu yangu hailiwezi. Kwa hiyo ukitaka kusema "haiwezekani", malizia sentensi: haiwezekani kwa njia ipi, kwa masharti gani. Ukiishia katikati utawadanganya watu bila kukusudia.

Na tumedanganywa hivyo kwa mambo mazito kuliko visima. Ulikuwapo wakati katika nchi hii mama mwenye virusi vya UKIMWI akishika mimba, watu walimhesabia yeye na mtoto kama waliokwisha kufa. Kisha mwaka 1999 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika hapahapa, katika hospitali ya Mulago, Kampala: kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama uchungu ukianza, na dozi moja kwa mtoto ndani ya siku 3, kilipunguza maambukizi kwa karibu nusu kuliko dawa waliyoilinganisha nayo. Leo dawa ni bora zaidi ya hiyo. Kilichoitwa hakiwezekani kilikuwa hakijafanywa tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Lakini yapo ambayo ukimalizia sentensi hadi nukta yanabaki palepale. Chukua pembe ya nyuzi 60 uigawe mara tatu sawasawa, kwa bikari na rula isiyo na alama, bila kingine chochote. Watu walijaribu kwa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel akathibitisha kwa hesabu kwamba haiwezekani. Hakusema njia haijapatikana, alionyesha kwamba haipo. Ukiruhusu rula yenye alama, inawezekana, na Wagiriki wa kale walijua hivyo.

Chuo cha Sayansi cha Paris kilishachoka mapema: mwaka 1775 kilitangaza hakitapokea tena majibu ya fumbo hilo, wala mashine yoyote inayodaiwa kujiendesha yenyewe milele. Na hapo ndipo ilipo jenereta yako.

Nimefungua mbili za namna hiyo nilizoletewa na wateja. Betri inaendesha mota, mota inazungusha jenereta kwa mkanda, jenereta eti inachaji betri na kuwasha nyumba. Gusa mota, ina moto. Gusa mkanda, una moto. Joto hilo ni umeme uliokwisha kupotea, kwa hiyo kinachorudi kwenye betri lazima kiwe pungufu ya kilichotoka. Hata bwawa la Nalubaale pale Jinja, linalotoa umeme tangu 1954, halitoi cha bure: maji ya Nile yanalipa kwa kushuka, na yakishashuka hayarudi juu yenyewe.

Atakuwashia taa nne mbele yako, utashangaa. Usishangae. Betri ya kawaida ya volti 12 na saa-ampea 100 imebeba kama wati-saa 1,200, yaani inaweza kulisha kifaa cha wati 1,200 kwa muda wa saa moja. Taa nne za wati 10 zinakula wati 40, kwa hiyo betri peke yake inaweza kuziwasha mchana kutwa na usiku pia. Mwambie azime taa, achomeke jiko la umeme la koili la wati 1,000, lisilojizima lenyewe, nanyi mkae hapo mnywe chai. Betri hiyo haitamaliza saa mbili. Mwambie pia afungue mfuniko wote na mashine ikae juu ya meza, isiguse ukuta wala sakafu, usiku na mchana jiko likiwa bado limechomekwa. Akikataa, rudi na pesa zako nyumbani.