Ukitoka darasa la katiba ukaingia siasani

Kwenu mnaomaliza shahada ya sheria huku mkiwaza ubunge, useneta au ugavana: nimefundisha sheria ya katiba, kisha nikafanya kazi ya kusoma miswada na bajeti za kaunti. Kila ninapoulizwa kama msomi wa katiba anaweza kufanya jambo la maana katika siasa za Kenya, jibu langu ni Kivutha Kibwana. Mfuatilieni kwa makini, pale aliposhinda na pale aliposhindwa.

Alikuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ambayo kudai katiba mpya hadharani kulileta rungu na vitoa machozi. Aprili 1997, kongamano la Limuru liliwakutanisha wanaharakati, viongozi wa dini na wanasiasa, na kamati tendaji yake, NCEC, ikawa na Kibwana katika safu ya mbele. Msimamo ulikuwa mmoja: bila mageuzi hakuna uchaguzi. Katika maandamano ya Saba Saba, yaani 7 Julai, mwaka huo watu walipoteza maisha barabarani. Serikali ya Rais Moi ikatikisika, ikakubali mazungumzo. Lakini waliokaa mezani walikuwa wabunge wa KANU, chama tawala, na wa upinzani, katika kundi la IPPG. NCEC, iliyokuwa imebeba mzigo mitaani, ikabaki nje.

Makubaliano ya IPPG hayakuwa bure. Mkutano wa hadhara haukuhitaji tena leseni, kuwaarifu polisi kulitosha. Upinzani ukapata kupendekeza baadhi ya makamishna wa uchaguzi. Ila katiba yenyewe iliahirishwa, na Desemba Moi akashinda tena. Mimi huwaambia wanafunzi wasome mwaka huo kuliko mwaka wowote mwingine, kwa sababu unaonyesha kwamba hoja inaweza kuwa yako na kura ya kuipitisha ikawa ya mtu mwingine. Kabla hujaandika rasimu ya kwanza, jua nani ana haki ya kupiga kura juu yake na nani ana haki ya kuingia chumbani.

Mwaka 2002 Kibwana aligombea ubunge Makueni, katika eneo la Ukambani, akashinda, akaja kuwa waziri wa mazingira, kisha wa ardhi. Mwaka 2007 wapigakura wakamwondoa. Hapa vijana wengi hukata tamaa, na hapa ndipo elimu yake ilipomsaidia: aliendelea kama mshauri wa Rais Kibaki katika masuala ya katiba, na katiba mpya ikazinduliwa 27 Agosti 2010. Kwa hiyo usiache taaluma yako ife. Lipia cheti chako cha uwakili kila mwaka, andika makala, fundisha hata darasa moja. Mwanasiasa asiye na kazi nyingine huogopa kushindwa, na woga huo humfanya apige kura anavyoambiwa.

Mwaka 2013 akawa gavana wa kwanza wa Makueni, chini ya katiba ileile aliyoipigania, iliyounda serikali za kaunti. Yaliyofuata hayafundishwi darasani. Gavana na wawakilishi wadi walivutana juu ya bajeti hadi kazi za kaunti zikakwama, na Septemba 2014 risasi zikalia katika bunge la kaunti mjini Wote, watu wakajeruhiwa. Wakazi wakakusanya saini kuomba kaunti ivunjwe.

Fungueni Kifungu cha 192 mkisome polepole. Rais anaweza kusimamisha serikali ya kaunti kukiwa na dharura ya vita au mgogoro wa ndani, au hali nyingine isiyo ya kawaida. Katika hali hiyo ya pili kuna ngazi tatu: tume huru ichunguze madai, Rais aridhike kwamba yana msingi, na Seneti iidhinishe. Makueni ilipita ngazi ya kwanza. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilipendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Pande zote zikarudi kufanya kazi pamoja hadi muhula uishe. Mwaka 2017 Kibwana alichaguliwa tena.

Kilichomrudisha, kwa maoni yangu, kilikuwa vikao vya vijijini kuliko ufasaha wake wa sheria. Katiba inataja ushirikishwaji wa umma, na kaunti nyingi huutekeleza kwa tangazo gazetini na mkutano wa asubuhi moja. Makueni ilijenga ngazi: kijiji, kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, hadi kongamano la kaunti nzima, kila ngazi na kamati iliyochaguliwa na wakazi. Miradi ilipangwa kutoka chini, na kamati za wananchi zikaisimamia. Huko ndiko haki ya afya ya Kifungu cha 43 ilipopata bei ambayo familia inaweza kuilipa: mpango wa bima wa kaunti ulitoza kaya shilingi 500 kwa mwaka kwa matibabu katika hospitali za kaunti. Kiwanda cha maembe cha Kalamba kikawapa wakulima mnunuzi mwingine zaidi ya madalali.

Nimekaa katika vikao vya aina hii katika kaunti nyingine. Mama mmoja alisimama na kijitabu cha bajeti kilichokunjwa pembe, kidole juu ya mstari wa kisima, akauliza kwa nini pesa za kisima kile zimeandikwa tena ilhali mwaka uliopita waliambiwa kimekamilika. Afisa wa fedha alinyamaza, akapekua makaratasi, kikao kikasimama hadi jibu likapatikana. Hakutaja kifungu chochote. Kazi ya mwanasheria pale ni kuhakikisha kijitabu kimefika mkononi mwake kwa wakati, kwa lugha anayoisoma.

Mwaka 2022, mihula yake miwili ya ugavana ikiisha, Kibwana aliwania useneta akashindwa na Dan Maanzo wa chama cha Wiper. Sifa za uongozi na nguvu za chama ni vitu viwili, na Ukambani chama kina uzito wake. Anayeingia ajue hilo kabla ya kuchukua tiketi.

Basi anzeni hivi. Chagueni kaunti moja, ya kwenu ikiwezekana. Hati ya mikakati ya fedha hufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Someni zote mbili, hudhurieni vikao vya kamati ya bajeti, kisha nendeni kikao cha wadi mkae nyuma na daftari. Wanaoniandikia kuomba barua ya kupendekezwa nitawauliza kwanza walichokiandika humo.