Baba akubali utafiti wa masikio au akatae?

Pole sana kwa kuuguza, dada. Umesema baba ana saratani ya koo, anaanza mionzi pamoja na sisplatini (dawa ya kuua seli za saratani), na ameombwa kujiunga na utafiti wa dawa ya kulinda usikivu. Unaogopa asije akafanyiwa majaribio tu.

Tatizo wanalolichunguza ni la kweli. Sisplatini huua seli zenye vinyweleo vidogo ndani kabisa ya sikio, na zikifa hazirudi. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea: hali hiyo ikimpata, baba atasikia kwamba unaongea, ila "s" na "f" zitampita, hasa penye kelele. Kwa hiyo, akubali au akatae, aombe kupimwa usikivu kabla ya dozi ya kwanza. Bila kipimo hicho, baadaye hamtakuwa na cha kulinganisha. Masikio yakianza kuvuma, awaambie madaktari siku hiyo hiyo, asivumilie kimya kimya kama wazee wetu wengi wafanyavyo.

Swali ambalo mimi ningelitanguliza: je, dawa hiyo inaweza kuipunguzia sisplatini nguvu dhidi ya uvimbe? Thiosulfati ya sodiamu, kwa mfano, ambayo ni dawa ya kulinda usikivu dhidi ya sisplatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, lakini kwa watoto ambao uvimbe wao haujasambaa, si kwa watu wazima kama baba.

Ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Asitie saini kabla hajaelezwa fomu nzima kwa lugha anayoielewa, nawe uwepo.