Paka na matunda: yaliyonikuta na Chausiku wangu

Mkuu, umeuliza kama ni salama kumpa paka matunda maana wako kadokoa kipande cha embe mezani na kaonekana kukipenda, alafu kuna mtu kakwambia mzoeshe tu yatamwongezea vitamini. Hicho kipande cha embe hakina shida, usikose usingizi. Ila hiyo habari ya vitamini achana nayo, mimi niliiamini na aliyeumia ni paka wangu.

Nina paka jike mweusi anaitwa Chausiku, sasa hivi ana miaka 7. Alipokuwa na miaka kama miwili hivi akaanza kunifata kila nikikata tikiti maji, analia mpaka nimpe, na mi nikawa nampa kwa roho safi kabisa, si tikiti ni maji matupu, na yeye maji hanywi sana, nikaona hapo nimepata dawa. Ikawa kila siku kibakuli. Kufika wiki ya tatu nyama anaibakiza, choo kimekuwa uji, na manyoya yamepoteza ule mng'ao. Nikampeleka kwa dokta wa mifugo, akaniuliza anakula nini, nilivyomjibu akanikalisha chini akanielewesha vizuri.

Yaani paka mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya nyama. Vitamini C anajitengenezea mwenyewe kwenye ini, haihitaji ya chungwa wala ya papai. Ile rangi ya njano ya kwenye embe na papai ambayo sisi miili yetu inaigeuza kuwa vitamini A, yeye hawezi kuigeuza, lazima aipate vitamini A ikiwa tayari, kwenye ini au samaki au chakula chake kilichotengenezwa vizuri. Alafu kuna kitu kinaitwa taurini, kipo kwenye nyama na samaki, kwenye matunda hakipo, na akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unapanuka. Kwa hiyo ukimjaza matunda akaacha nyama, unamnyima chakula huku unaona unamlea. Hilo ndo lilikuwa kosa langu, na liliniuma sana.

Na kingine kilichonishangaza, paka hasikii utamu wa sukari kabisa! Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba jeni (maelekezo ya urithi ya mwili) inayotengeneza kipokezi cha utamu kwenye ulimi wa paka ni mbovu, haifanyi kazi. Sa ukimwona analilia tikiti au embe jua ni harufu, au ule ubaridi na majimaji, au anataka tu unachokula wewe. Ila sukari yenyewe inaingia mwilini kama kawaida, na paka mnene au mwenye kisukari hiyo inamsumbua, huyo usimpe tunda kabisa.

Kiasi: vitu vyote vya nje ya mlo wake visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Paka wa kilo 4 anayekaa ndani anahitaji kama kalori 200 hadi 250, kwa hiyo za ziada ni 20 au 25 hivi, na ndizi moja ya wastani peke yake ina kama 105, unaona mwenyewe ni karibu nusu ya chakula chake cha siku nzima. Mi siku hizi nampa vipande viwili vitatu vya ukubwa wa punje ya mahindi, mara moja au mbili kwa wiki, baada ya kula nyama yake, basi. Tikiti bila mbegu, embe bila ganda wala kokwa, tufaha lililomenywa na kutolewa mbegu zote (zile mbegu zina kitu kinachotoa sumu ya sianidi, na kokwa za pichi na cheri vilevile), papai bila mbegu, stroberi. Ndizi kidogo sana, na kama figo zake zina tatizo usiiguse kwanza mpaka umuulize dokta, sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo. Matunda ya kopo yenye sharubati na yaliyokaushwa sitoi. Parachichi nalo hapana, mafuta mengi na ile mbegu. Machungwa na malimau wengi wanayakimbia wenyewe, na afadhali, mafuta ya kwenye maganda yanawadhuru, hata zile dawa za kuogeshea zenye mafuta ya chungwa usimpake.

Zabibu ndo naomba unisikilize vizuri. Mbichi au kavu, hata moja usimpe. Kwa mbwa inajulikana wazi zinaua figo, mwaka 2021 madaktari wa mifugo Marekani wakaitaja asidi ya tartariki kuwa ndo inayoelekea kuwa chanzo, asidi hiyohiyo ipo kwenye ukwaju, na paka pia wanaonywa wasipewe. Chausiku aliwahi kula kipande cha keki yenye zabibu kavu nikiwa jikoni, nikamkuta anajiramba. Sikusubiri atapike, nikambeba na kilichobaki cha keki nikakimbia naye, akawekewa dripu siku mbili, damu ikapimwa mara kadhaa kuangalia figo, akatoka salama. Na usijaribu kumtapisha mwenyewe kwa chumvi au dawa ya kuoshea vidonda, unamchoma koo na tumbo juu ya tatizo alilonalo.

Kwa huyo wako leo, angalia kama alimeza ganda la embe, maana lina utomvu unaowasha na ni gumu kusagika tumboni, na hakikisha kokwa liko kwenye takataka zenye mfuniko, lisije likamkaba. Akitapika zaidi ya mara moja, akalala tu bila kutaka kula, au akakojoa tofauti na kawaida yake, mpeleke leoleo. Ila kama anakula nyama yake, anakunywa na anacheza, hilo embe limeshapita.