Kabla hujamchorea ami yako ukuta wa vioo

Ndugu yangu, umeuliza kama uende Nairobi au ubaki Mombasa, programu ipi ujifunze, kama shahada ya uzamili ina faida, na utafikaje alikofika msanifu majengo Francis Kéré. Kisha mwishoni ukapachika, kana kwamba si kitu, kwamba ami yako amekukabidhi nyumba yake ya Shanzu uichore, kwamba ukuta mzima unaotazama machweo utakuwa wa vioo kutoka sakafuni hadi darini, na kwamba hujaenda kukiona kiwanja kwa sababu picha alizokutumia kwa simu zinatosha. Hazitoshi. Ifunge hiyo kompyuta.

Nyumba hiyo mimi nilishaichora. Ilikuwa Mishomoroni, ya khalati yangu, yule aliyenilipia karo miaka miwili ya mwisho chuoni, na kiwanja chake kinateremka kuelekea mkono wa bahari wa Tudor upande wa magharibi. Nilifika pale mara moja tu, saa nne asubuhi, nikakaa robo saa nikiwa na haraka ya kuwahi matatu. Saa nne asubuhi upande wa magharibi hapana pazuri kama hapo: maji yametulia, mikoko imekaa kijani, jua liko mgongoni. Nikarudi ofisini nikachora vioo vya upana wa mita sita, visivyofunguka hata kimoja, na jikoni, stoo na vyoo nikavisukuma mashariki, ambako niliona ni nyuma ya nyumba kwa kuwa hapakuwa na mandhari ya kumwonyesha mgeni.

Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini au wa kusini unakingwa na upenu wa kawaida tu, lakini jua la jioni huja limelala, linapenya chini ya upenu wowote utakaoweka na kuingia hadi ukuta wa pili. Kioo hulipokea kwa mikono miwili, mwanga unageuka joto sakafuni na kwenye makochi, na joto hilo halitoki tena kwa njia liliyoingilia. Ilipofika saa kumi jioni, ungeweza kubandika mkate wa mofa kwenye ukuta wa sebule ya khalati ukaiva.

Upepo nao nilikuwa nimeufungia njia. Kusi hutujia kutoka kusini mashariki na kaskazi kutoka kaskazini mashariki, maana yake pepo zote mbili hutoka upande wa bahari kuu, na nyumba inayotaka kupumua lazima iwe na pa kuingilia mashariki na pa kutokea magharibi. Mimi pa kutokea nilipaziba kwa vioo, na pa kuingilia nikaweka jiko. Siku walipokuja watu wa posa ya binti yake, khalati alikuwa amepika mchuzi wa papa, na wageni waliondoka wakinuka papa hadi majoho. Posa ilikubaliwa, kwa hiyo kwa hilo sitaki lawama.

Alinunua viyoyozi viwili, akawa anajaza tokeni za umeme kama anayelisha ng'ombe. Hatimaye alitundika leso sita juu ya vile vioo vyangu, na iliyokaa katikati ilikuwa na jina «Asante ya punda ni mateke». Hakuniambia neno. Kila nilipokwenda kumsalimia alinikaribisha kwenye kochi linaloitazama leso hiyo.

Wa kulaumiwa yupo, na simtaji. Mkuu wa ofisi niliyokuwa nikifanyia mafunzo ya kazi aliutazama mchoro ule, akaongeza miti miwili na mwanamke aliyeshika kikombe cha kahawa, akasema picha ndiyo inayouza na upepo hauonekani kwenye picha. Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale, aliyekulia ndani ya kuta za matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita, ndiye aliyeniambia hivyo! Na walimu wetu hawakuwa mbali naye, kwani sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nimekaa kwenye kiwanja jua likitua. Waliuliza kama picha zimechapishwa kwa rangi.

Baada ya miaka miwili vioo vilivunjwa. Pakajengwa ukuta wa mawe ya matumbawe wenye madirisha mawili ya luva, na mbele yake baraza yenye kina cha mita tatu iliyoezekwa makuti. Niliuza pikipiki yangu nikachangia, na mshahara wa miezi minane ulikwenda huko huko. Jiko halikuhamishika kwa sababu ya mabomba, hivyo papa sasa hupikwa uani.

Huyo Kéré unayetaka kumfuata alianzia shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, na paa lake ameliinua juu ya dari ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo duniani, aliipata mwaka 2022. Minara ya jengo lake la Turkana hufanya kazi hiyo hiyo ya kutoa hewa ya moto, nawe bila shaka umeihifadhi picha yake bila kujiuliza minara hiyo ni ya nini.

Kwa hiyo Jumamosi nenda Shanzu. Fika kabla jua halijatoka, ukiwa na mkeka, chupa ya chai na ufito uliofungwa kitambaa chepesi, na usiondoke hadi adhana ya magharibi. Andika kitambaa kinaelekea wapi saa tatu, saa sita na saa kumi, na kivuli kinaanguka wapi. Mwulize jirani ni dirisha lipi la nyumba yake ambalo hafungui kamwe, na kwa nini. Kabla ya hapo usichore hata mstari mmoja, si kwa ami yako, si kwa mtu mwingine yeyote.

Nairobi haikimbii. Shahada pekee haikuruhusu kujiita msanifu majengo kabla Bodi ya usajili wa wasanifu majengo haijakusajili, basi popote uendako tafuta aliyesajiliwa ufanye kazi chini yake, na ramani ya ami yako pia ipitie kwake kabla ya kupelekwa kaunti. Programu uliyouliza jina lake limenitoka. Nitumie picha ya kitambaa hicho saa kumi jioni.