Ligi ya chuo ikivunjika, ufadhili wa mwanangu utakuwaje?

SWALI: Kijana wangu hukimbia mita 10,000 na amepata ufadhili Washington State, Marekani. Jirani ananiambia ligi yao, Pac-12, ilivunjika na vyuo vikatawanyika. Je, ligi ikifa ufadhili nao unakufa? Na vyuo gani vingine vitahama? – Baba wa mkimbiaji, Iten

JIBU: Mzee wangu, ufadhili ni makubaliano kati ya kijana na chuo. Ligi haimo kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo chuo kikihama, deni lake kwa mwanao kinahama nalo.

Jirani hakukudanganya, lakini. Juni 2022 vyuo vya USC na UCLA walitangaza kwenda ligi nyingine, Big Ten. Agosti 4, 2023, vyuo vitano viliaga kwa siku moja: Oregon na Washington (si Washington State ya mwanao) wakawafuata wenzao Big Ten, nao Arizona, Arizona State na Utah wakaenda ligi ya Big 12, ambako Colorado alishatangulia. Stanford na California wakaangukia ACC, ligi yenye jina la pwani ya Atlantiki, wao wakiwa jirani na Pasifiki! Wakabaki wawili, Oregon State na Washington State. Kwa kuwa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hutaka ligi ya daraja la juu la futiboli ya Kimarekani iwe na vyuo vinane, wakaalika wengine, kama Boise State, San Diego State na Texas State, kuanza Julai 2026. Jina limepona, ligi si ile.

Kilichowahamisha ni televisheni. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa takriban dola bilioni 7 kwa miaka saba. Pac-12 haikupata ofa ya kukaribia hapo. Futiboli ndiyo inayoleta hela hizo, na mkimbiaji ni abiria tu kwenye basi la wenzake.

Ndiyo maana nikiulizwa nani atahama, siangalii uvumi, naangalia tarehe za mikataba. Chuo kikijiunga na ligi huikabidhi haki za kutangaza mechi zake za nyumbani hadi mwaka fulani. Kikiondoka mapema, haki hizo hubaki nyuma, na ligi mpya haina haja na chuo ambacho mechi zake zinauzwa na mwingine. Kwenye ACC kufuli hilo lilifungwa hadi 2036. Wanachama wake Florida State walikwenda mahakamani kulipinga Desemba 2023, Clemson wakafuata miezi michache baadaye, na Machi 2025 wakapatana na ligi: ada ya kuondoka inashuka mwaka hadi mwaka hadi dola milioni 75 msimu wa 2030-31, na anayelipa huondoka na haki zake. Mkataba wa televisheni wa Big Ten nao unamalizika 2030. Kwa hiyo jicho langu liko hapo, kwa Florida State na Clemson kwanza, kisha North Carolina. Kabla ya hapo sitarajii kishindo kikubwa.

Kwa kijana wako, hatari halisi ni bajeti ya chuo. Mwaka 2025 Washington State walifuta mitupo na miruko, wakapunguza mbio fupi, wakaelekeza nguvu kwenye mbio ndefu. Angekuwa mrusha mkuki ningekushauri vingine. Mbio ndefu ndizo urithi wa chuo hicho: Henry Rono alikuwa mwanafunzi hapo alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mwaka 1978.

Kabla hajasaini, mwulizeni kocha kwa maandishi: ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au wa miaka yote ya masomo? Unagharimia nini hasa: karo peke yake, au na malazi na chakula? Akiumia goti, unaendelea? Majibu hayo yatunzeni pamoja na barua ya chuo.