Maswali na Majibu: Mikono ya Mpiga Drams

Maswali yaliyonifikia safari hii yametoka Mbeya, Iringa na Njombe, mengi yakiwa ya vijana wanaopiga katika kwaya, na karibu yote yanahusu mikono. Nimeyapokea kwa furaha kubwa, maana katika makanisa na bendi zetu kijana hukalishwa kwenye drams na kuonyeshwa mdundo wa wimbo siku hiyo hiyo, bila mtu yeyote kumwonyesha namna ya kushika stiki atakazoupigia.

*Shikamoo mwalimu. Ninajifunza drams katika kwaya ya vijana. Kaka aliyenitangulia ananiambia nikaze stiki zisinitoke mkononi, ilhali mwalimu wa kwaya ananiambia nilegeze. Nimsikilize nani? (Kijana wa kwaya, Tukuyu)*

Marahaba, mwanangu. Msikilize mwalimu wa kwaya, ila usimdharau kaka yako, kwa sababu stiki humtoka mtu mkononi kweli, hasa jasho linapoanza. Anachokosea ni tiba. Stiki haizuiwi isitoke kwa kukazwa na kiganja kizima; huzuiwa kwa kushikwa mahali panapostahili.

Ngozi ya snea, ile ngoma ndogo inayokaa mbele yako, ikikazwa vizuri hairuhusu stiki itulie juu yake. Ukiigonga, nayo inairudisha stiki juu, na sehemu kubwa ya kazi ya pigo linalofuata inakuwa imeshafanyika bila wewe kutoa jasho. Mkono uliokaza huua mruko huo pale pale, kisha misuli inalazimika kuinyanyua stiki upya kwa kila pigo. Kila kitu nitakachokueleza kuhusu mshiko kina shabaha moja tu, nayo ni kuuacha mruko huo uwe hai huku stiki ikiendelea kukutii.

Anza kwa kutafuta egemeo, yaani mahali ambapo stiki itabembea ikiwa katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Stiki ya kawaida ina urefu wa sentimita 40 hivi, na egemeo lake huwa karibu na theluthi moja ya urefu huo ukipima kutoka upande wa kitako. Usitumie rula kulipata. Ishike stiki kwa vidole hivyo viwili pekee, inyanyue ncha, iache iangukie juu ya ngozi au mpira, kisha usikilize inadunda mara ngapi kabla ya kunyamaza. Sogeza vidole kidogo kuelekea kwenye ncha, rudia. Sogeza kuelekea kwenye kitako, rudia. Mahali panapotoa midundo mingi zaidi ndipo pa kushikia.

Tumbo la kidole gumba lilale ubavuni mwa stiki, na stiki iegemee kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, au mbele yake kidogo. Vidole vitatu vilivyobaki viizungushie stiki kwa wepesi, vikiigusa bila kuibana, na kusibaki kidole kilichochomoza hewani, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyoidaka stiki ikitaka kuponyoka. Wapo wapigaji wazuri wanaoweka egemeo kwenye kidole cha kati badala ya shahada, na wewe pia unaweza kulijaribu hilo baadaye.

Ukipiga, tazama ukucha wa kidole gumba. Ukiona ncha yake imegeuka nyeupe, damu imefukuzwa na mkazo. Legeza mpaka rangi irudi. Wanafunzi wengi hawaamini kwamba wanakaza hadi wanapouona ukucha wao wenyewe.

*Habari za kazi, mwalimu. Katika bendi ya tarumbeta ya kanisa letu, mzee anayepiga ngoma ndogo hushika stiki ya kushoto kwa chini, kiganja kikiwa kimetazama juu, na anapiga vizuri sana. Je, nami nijifunze hivyo? (Mpigaji wa Kihesa, Iringa)*

Huo ni mshiko wa kimapokeo, na sababu yake utaiona mara moja ukitazama ngoma yenyewe inavyovaliwa. Mpigaji wa gwaride huitundika ngoma begani kwa mkanda, ikakaa ubavuni na kulala upande, ukingo wa kushoto ukiwa juu kuliko wa kulia. Kwa hali hiyo, mkono wa kushoto ukitaka kupiga kwa juu, kiwiko kitalazimika kunyanyuka kama bawa muda wote wa matembezi. Askari wa Ulaya waligeuza kiganja, wakapitisha stiki kwa chini, na mkono ukapumzika. Upigaji wa tarumbeta makanisani mwetu una mizizi Ujerumani, kwa wamisionari wa Moravian na wa Berlin walioingia Unyakyusa mwaka 1891, kwa hiyo mzee wenu anaendeleza jambo lenye historia ndefu. Hata ngoma ya mganda inayochezwa mwambao wa Ziwa Nyasa ilichota mengi kutoka kwenye gwaride la askari.

Katika mshiko huu stiki hulala kwenye pengo kati ya kidole gumba na shahada, ikategemezwa na kidole cha pete kwa chini, na pigo hutokana na kigasha kujizungusha. Mwendo wa kifundo cha mkono kupanda na kushuka haupo kabisa. Wapigaji wa jazi waliurithi kutoka kwenye bendi za gwaride wakaendelea nao hata walipoketi kwenye drams kamili, ambako snea haina tena sababu ya kulala upande; Buddy Rich, mmoja wa wapigaji wenye kasi kubwa katika historia ya Marekani, aliutumia mpaka mwisho. Tarehe 9 Februari 1964, bendi ya Beatles ya Uingereza ilipoonekana kwa mara ya kwanza moja kwa moja kwenye televisheni ya Marekani, vijana wengi walimwona mpiga drams wake, Ringo Starr, akishika stiki zote mbili kwa namna moja, na mshiko sawa ukazidi kuenea.

Ushauri wangu ni kwamba uanze na mshiko sawa, mikono yote miwili ikishika kwa juu. Misuli inayofanya kazi kulia ndiyo itakayofanya kazi kushoto, hivyo kila unachojifunza kwa mkono mmoja utakuwa na mahali pa kukilinganishia. Lakini kama unakusudia kuingia kwenye bendi hiyo ya tarumbeta, nenda ukaketi na yule mzee, umwombe akuonyeshe mkono wake wa kushoto polepole. Mikono ya namna hiyo inazidi kupungua, na hakuna video itakayokusahihisha kifundo kama yeye atakavyokusahihisha.

*Mwalimu, nasikia kuna mshiko wa Kijerumani, wa Kifaransa na wa Kimarekani. Tofauti yake ni nini? (Makambako)*

Yote mitatu ni mshiko sawa, na tofauti iko kwenye kiganja kinatazama wapi. Kiganja kikitazama chini kabisa, hapo ni Kijerumani: nguvu hutoka kwenye kifundo na sauti huwa kubwa. Kidole gumba kikikaa juu na viganja vikatazamana, hapo ni Kifaransa: vidole ndivyo vinavyofanya kazi, na pigo huwa jepesi na la kasi. Kimarekani kiko katikati. Usichague mmoja ukautupa mwingine. Mkono wa kulia unapotoka kwenye snea kwenda kwenye toazi lililo mbali, utauona ukigeuka wenyewe kutoka Kimarekani kwenda Kifaransa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

*Mwalimu, tukifika kwenye mapambio ya kusifu na mwendo ukapanda, kigasha cha kulia kinawaka moto na ninaachwa nyuma. Nimeongeza mazoezi ya kunyanyua vyuma lakini hali ni ile ile. (Mpiga drams, Mafinga)*

Vyuma havitakusaidia, ndugu yangu, kwa sababu tatizo lako si upungufu wa nguvu. Hebu tupige hesabu. Pambio lenye mwendo wa mapigo 150 kwa dakika, ukiwa unagonga hai-hati (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) mara mbili katika kila pigo, linautaka mkono wako wa kulia ugonge mara 5 kwa sekunde, na mapambio yetu yakiunganishwa huenda dakika ishirini bila kupumzika. Ukigonga mara zote hizo kwa kifundo kilichokazwa, kigasha lazima kiwake, awe mtu ana nguvu kiasi gani. Mkulima anayekaba mpini wa jembe huchubuka kabla ya saa nne asubuhi, ilhali jirani yake anayeliacha jembe lianguke kwa uzito wake analima mpaka jua la mchana. Wewe unakaba mpini.

Dawa ya kwanza ni vidole. Geuza mkono wa kulia uwe wa Kifaransa, shika egemeo tu, kisha tumia kidole cha kati, cha pete na cha mwisho kuirudisha stiki kila inaporuka, kifundo kikiwa karibu kimetulia. Mwanzoni itakuwa dhaifu na yenye kuyumba, na utashawishika kurudia ukabaji wako wa zamani. Usirudie. Weka metronomu ya simu, yaani programu inayogonga mapigo ya mwendo, kwenye mapigo 60 kwa dakika, gonga mara mbili kwa kila pigo, na usipandishe mwendo hadi midundo yote iwe na sauti moja.

Dawa ya pili ni kuunganisha kifundo na vidole, yaani kusukuma na kuvuta. Pigo la kwanza huchezwa na kifundo, vidole vikifunguka kidogo wakati stiki inaposhuka. Pigo la pili huchezwa na vidole vikijifunga na kuivuta stiki kuelekea kiganjani wakati kifundo kinapopanda. Kwa hiyo kifundo kinashuka na kupanda mara moja, nawe unapata mapigo mawili. Ile mara 5 kwa sekunde inakuwa, kwa kifundo chako, mara mbili na nusu tu.

Ya tatu ni mbinu inayobeba jina la Sanford Moeller, Mmarekani aliyeiandikia kitabu mwaka 1925 baada ya kuwachunguza wapigaji wazee waliotumikia katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Kiwiko na kigasha hutangulia kunyanyuka, kifundo kikafuata kikiwa kimelegea, ncha ya stiki ikaja mwisho. Kisha mkono mzima huangushwa na kutoa pigo moja zito, ambalo hufuatwa na mengine mepesi yanayotokana na mruko. Wimbo unaotaka pigo zito likifuatwa na jepesi kwenye hai-hati, zito, jepesi, zito, jepesi, umetengenezwa kwa mbinu hii. Jifunze hii ya tatu ukiwa umeketi na mtu anayeijua, kwa sababu mtu anayeiiga kwa macho tu hujikuta anarusha mkono hewani bila faida.

Kuna jambo jingine ambalo pengine hukulitarajia. Wapiga drams wengi hukaza mikono kwa sababu hawajisikii: kinanda na gitaa la besi vimefunguliwa mpaka mwisho, nao wanashindana na spika kwa misuli. Zungumza na fundi sauti wenu kwa heshima, apunguze vyombo au akuwekee maikrofoni. Na kama maumivu yanaendelea ukiwa umelala, au vidole vinakufa ganzi, weka stiki chini na uende hospitali. Hapo si suala la mshiko tena.

*Shikamoo mwalimu. Drams ziko kanisani na funguo anazo katibu. Nyumbani nifanye nini? (Mwanjelwa, Mbeya)*

Marahaba. Chukua kipande cha ubao chenye upana wa sentimita 25 hivi, kata mpira mnene wa tairi kuukuu kwa fundi wa pancha, gundisha juu ya ubao, na chini yake weka kitambaa ili usiteleze mezani. Hapo una pedi ya mazoezi. Mpira hurudisha stiki zaidi ya ngozi ya snea, hivyo ukishazizoea pedi usishangae kuona snea ya kanisani ni nzito kidogo. Mto wa kulalia haurudishi chochote. Utumie dakika chache tu kwa kuimarisha kifundo. Juu ya pedi hiyo piga mapigo ya mkono mmoja mmoja kwa zamu, kisha mawili mawili, kisha paradido: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Ziko rudimenti, yaani mifuatano ya msingi ya mapigo ya mikono, 40 katika orodha inayotumika kimataifa, lakini hizo tatu zikitulia mikononi, zilizobaki hazitakutisha.

*Mwalimu, Juni na Julai vidole vyangu haviniitikii kabisa kwenye ibada ya kwanza, na viganja vinatoka malengelenge. (Njombe)*

Baridi ya Njombe naifahamu; usiku wa miezi hiyo joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kanisa la saa moja asubuhi linakuwa halijapata jua. Fika mapema, uoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu na kuikausha vizuri, kisha piga polepole juu ya goti au kiti kwa dakika kumi ukiwa bado umevaa koti. Wimbo wa kwanza usiupige kwa kasi na nguvu mikono ikiwa baridi, maana hapo ndipo kano hujeruhiwa. Kuhusu malengelenge, angalia yametokea wapi. Lengelenge dogo ubavuni mwa kidole cha shahada kwa mtu anayeanza ni jambo la kawaida, nalo litageuka ngozi ngumu. Yakiwa katikati ya kiganja au chini ya kidole cha mwisho, unakaba, na jibu nililompa kijana wa Tukuyu ni lako pia.

*Mwalimu, mwanangu wa kike ana miaka 10, anatumia mkono wa kushoto, na anapenda drams kupita kiasi. Wanaomfundisha wanamlazimisha ashike kama wengine. Nifanyeje? (Mama wa Uyole)*

Mama, nakushukuru kwa kuuliza mapema. Mshiko wenyewe hauna kulia wala kushoto, kwani mikono yote miwili hushika vilevile. Kinachobadilika ni mpangilio wa drams na mkono unaoongoza. Wengine huzigeuza drams zote, kama alivyofanya Phil Collins. Wengine, kama Billy Cobham, huziacha zilivyo na kuipiga hai-hati kwa mkono wa kushoto bila kukunja mikono juu ya snea. Ringo Starr niliyemtaja ni wa kushoto pia, lakini alipiga drams zilizopangwa kwa mtu wa kulia.

Kwa kuwa kanisani drams ni za wote na hakuna muda wa kuzigeuza kati ya kwaya na kwaya, ningependa binti ajaribu njia ya Cobham kwanza. Mpatie stiki nyembamba zenye alama ya 7A badala ya 5A au 5B zilizozoeleka, maana kiganja cha mtoto wa miaka 10 kikizunguka stiki nene hukaza hata asipotaka. Kabla ya kulipa, zibiringishe juu ya kioo cha kaunta, na inayoyumba irudishe. Zigonge pia mojamoja kwa upole karibu na sikio uchague mbili zinazolia sawa. Na wanaomfundisha waambie, kwa utaratibu, kwamba mwalimu amesema mkono wa kushoto uachwe uongoze.